Eglantyne Jebb, mama aliyetetea watoto wa adui

Eglantyne Jebb alizaliwa Uingereza mwaka wa 1876, katika jamaa yenye mali. Alijaribu kazi ya ualimu, haikumfaa.

Vita kubwa ya kwanza iliisha mwaka wa 1918, lakini Uingereza na wenzake wakaendelea kufunga njia za chakula kwenda Ujerumani na Austria. Feza ya kule ikapoteza bei, watoto wakakonda, wengine mifupa ikapinda. Kwa watu wengi wa London hiyo haikuwa shida yao, maana ni watoto wa adui.

Jebb hakukubali. Mwaka wa 1919 akagawa karatasi zenye picha za watoto hao katikati ya London. Polisi wakamkamata, tribinali ikamlipisha lamande ya paundi 5. Basi yule yule aliyemshitaki (ndiyo, mwenyewe!) akatoa paundi 5 zake kwa ajili ya watoto.

Mwezi wa 5 mwaka huo, yeye na mdogo wake Dorothy wakaanzisha Save the Children, shirika linalojulikana hata huku kwetu Kivu. Mwaka wa 1921 likalisha watoto wa Urusi pia. Mwaka wa 1924 Ushirika wa Mataifa ukapokea maandishi yake juu ya haki za mtoto, na kulisha mwenye njaa kumo ndani.

Alikufa Genève mwaka wa 1928, akiwa na miaka 52. Yeye mwenyewe hakuzaa.