Che Guevara kule Kibamba: mtu wa maneno aliyekosa maneno

Ukitoka Uvira ukafuata ziwa kuelekea kusini, ukapita Makobola, Mboko na Baraka, ukazunguka rasi ya Ubwari, utafika Kibamba. Ng'ambo yake ni Kigoma. Ni hapo Kibamba, tarehe 24 Aprili 1965, boti ilishusha Wakuba 14. Wengi wao walikuwa weusi, na kila mmoja alikuwa amepewa jina la namba kwa Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu na kuendelea. Tatu alikuwa muzungu. Wapiganaji waliambiwa kwamba ni muganga, tena anajua kutafsiri Kifaransa. Hakuna aliyeshangaa sana.

Kumbe Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara. Alizaliwa Argentina mwaka 1928, akasomea udaktari, akapigana Kuba pamoja na Fidel Castro, akawa waziri kule. Desemba 1964 alisimama Umoja wa Mataifa, New York, akahutubia ulimwengu na kuitaja Kongo mbele ya wote. Watu walimsikiliza kila alikofika. Lakini katika milima ya Fizi alikaa miezi saba, na karibu kila alichowaomba watu hawakukifanya. Sababu inafaa kuangaliwa, maana mpaka leo wageni wanafika kando ya ziwa hili na maneno mazuri, kisha wanashangaa kwa nini hayaingii.

Kwanza, hakualikwa

Februari 1965 Che alikutana na viongozi wa vita vya ukombozi mjini Dar es Salaam. Walimwomba pesa, na watu wao wapelekwe Kuba kufundishwa vita. Yeye akawaambia apana, mafunzo yafanyike Kongo kwenyewe, porini, na adui mbele yao. Wazo lilipokelewa kwa ubaridi. Viongozi walitoka pale bila furaha.

Hata hivyo alikuja. Alipofika Kibamba, hakuna mukubwa wa Kongo aliyejua kwamba Che mwenyewe ndiye amevuka ziwa. Alimfunulia siri mmoja wao, Chamaleso, na yule kijana aliingiwa na hofu kubwa. Baadaye Che mwenyewe alikubali kwamba aliwaweka watu mbele ya jambo lililokwisha kufanyika. Mutu ambaye hajaulizwa kama anataka mgeni, hata mgeni akileta mema, anamtazama kwa jicho la pembeni.

Dawa iliyowahi kuwashawishi

Che alikuta watu ambao tayari walikuwa wameshawishiwa, na kwa nguvu. Mwaka mmoja mbele yake, Gaston Soumialot alianza kazi kutokea Bujumbura, akiungana na watu wa hapa kama Musa Marandura. Walianzia kwenye mambo ambayo vijana wa bonde la Ruzizi waliyaishi: ugomvi na machifu, kukosa kazi, serikali iliyowasahau, kifo cha Lumumba. Hapo hapakuhitajika hotuba ndefu. Mei 1964 Uvira ikaanguka mikononi mwao.

Pamoja na maneno hayo kulikuwa na dawa. Mpiganaji aliyenyunyiziwa maji ya muganga aliamini risasi haitamwingia. Lakini dawa ilikuwa na masharti: usiguse mwanamke, usichukue kitu cha mutu, usiogope. Aliyekufa basi alikuwa amevunja sharti, na waliobaki waliendelea kuamini. Ndiyo maana kuipinga kwa hoja ilikuwa kazi bure: kila kifo kilikuwa na maelezo yake. Tena ile dawa ilimpa kijana kitu ambacho Mkuba hakuweza kumpa, yaani moyo wa kusimama mbele ya bunduki.

Mwisho wa Juni 1965 Wakuba, Wanyarwanda na Wakongomani walishambulia Bendera, penye umeme wa maji. Walishindwa vibaya. Wakuba wanne walikufa, na wengi wakakimbia hata bila kufyatua risasi. Lawama ikamwangukia muganga. Che alitaka watu wajifunze kuchimba mahandaki na kulenga shabaha. Wao walijifunza kwamba wanahitaji muganga mwingine.

Lugha, na kukaa

Kambi ya juu ilikuwa mlimani, mwendo wa saa nyingi kutoka ziwani. Chakula na risasi vilipaswa kupandishwa mgongoni. Walipoambiwa wabebe, wapiganaji walijibu kwamba wao si motokari. Baadaye, Wakuba walipoongezeka wakapita 100 na kuonekana wakibeba, jibu likageuka: wao si Wakuba. Hapo kuna somo chungu. Che aliamini mfano mwema unavuta watu. Lakini mfano wa mtu unayemwona si mwenzako haukuvuti. Unakuonyesha tu kwamba kazi ile ina mwenyewe.

Siku moja hasira ikamshinda. Aliwafokea wapiganaji kwa Kifaransa, akasema atawavalisha sketi na kuwabebesha mihogo katika vikapu kama wanawake. Maneno yakapita kwa mkalimani. Watu wakamtazama, kisha wakacheka. Kifaransa kilimfikisha kwa viongozi tu. Askari wa kawaida alikuwa anaongea Kiswahili au lugha ya kwao. Che alikuwa na mwalimu wa Kiswahili, kijana Freddy Ilanga, ambaye mwanzoni hakupenda hata kidogo kupewa muzungu wa kumfundisha. Alianza kujifunza, lakini hakufika mbali, na baadaye alijilaumu kwa hilo.

Julai, Laurent Kabila alifika kutoka ng'ambo. Che alishangaa kuona namna alivyoongea na wakulima na wapiganaji: aliwajua, aliwachekesha, aliwainua. Kwa siku chache kambi ilibadilika, watu wakachimba na kufanya mazoezi. Baada ya siku tano Kabila akarudi Kigoma. Kesho yake kazi ikasimama. Mmoja alikuwa na lugha lakini hakukaa. Mwingine alikaa lakini hakuwa na lugha.

Kilichoingia

Lakini si kila kitu kilipotea. Wakuba walikuwa na madaktari, na Che mwenyewe alikuwa daktari. Wanakijiji waliteremka na kupanda kutafuta matibabu ya malaria, vidonda na magonjwa mengine. Pale hakuhitaji mkalimani sana. Watu walimwita Tatu Muganga. Ilanga naye alibadili mawazo kidogo kidogo, akimwona yule muzungu anaugua malaria na pumu, anapanda mlima kama wengine, hadai kitanda cha mukubwa. Mwisho Ilanga alienda Kuba, akawa daktari.

Usiku wa mwisho

Septemba mamluki wa Mike Hoare na jeshi la serikali walishuka upande wa Baraka. Oktoba rais Kasavubu akamwondoa Tshombe, na nchi za Afrika zilizosaidia uasi zikaona bora kuacha. Tanzania ikawaomba Wakuba waondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1965, boti zilikuja kuwachukua. Hazikutosha kwa wote. Wakongomani waliotaka kupanda wakaachwa ufukweni, wengine wakilia. Che alikuwa amefikiria kubaki na wachache, akaona haiwezekani.

Akiwa amejificha Dar es Salaam, aliandika historia ya vita hivyo, akaanza kwa kuikubali kuwa ni historia ya kushindwa. Aliwalaumu viongozi waliokaa mbali. Alijilaumu pia: Kiswahili, hasira zake, na kujifungia kwenye vitabu wakati watu walikuwa nje wakimngoja. Aliuawa Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967, mahali pengine ambako wakulima hawakumfuata.