Harold Vanderbilt: Bwanyenye aliyewafundisha wacheza karata kupima hasara

MFUGAJI wa Ndithini, katika sehemu kame za Masinga, Machakos, huenda hajawahi kuketi kwenye meza ya mchezo wa karata uitwao briji, lakini hesabu yake kuu anaijua. Kiangazi kinapokaza, huuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa ili apate cha kuwalisha waliosalia. Mvua ikinyesha wiki inayofuata, amejitia hasara bure. Akisitasita na mvua ikakosa kuja, hupoteza zizi zima.

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kazi ngumu ni kutambua, kabla mambo hayajatokea, ipi ni nusu na ipi ni kamili.

Mtu aliyeipa hesabu hiyo nafasi yake katika briji ya kisasa alikuwa Mmarekani Harold Stirling Vanderbilt, ambaye kamwe hakujua njaa wala kiangazi. Alizaliwa tarehe 6 Julai 1884 huko Oakdale, jimbo la New York, akiwa kitukuu cha Cornelius Vanderbilt, tajiri aliyejijenga kwa meli na reli. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaingia katika kampuni ya familia, reli ya New York Central.

Mapenzi yake hasa yalikuwa mawili: mashindano ya mashua za matanga na karata.

Wakati huo wengi walicheza aina ya briji ambayo upande uliofanya vyema ulipewa alama zote ulizozipata mchezoni, hata kama haukuwa umeziahidi katika mnada. Hapakuwa na sababu ya kupandisha zabuni juu. Wafaransa walikuwa na mchezo wao uliohesabu yale tu yaliyoahidiwa. Vanderbilt aliichukua kanuni hiyo na kuiongezea mambo yake.

Mwishoni mwa Oktoba 1925 alikuwa safarini na marafiki watatu ndani ya meli iitwayo Finland, wakielekea Havana kupitia Mfereji wa Panama. Humo ndimo alimojaribu orodha mpya ya alama alizozibuni. Upande ambao umekwisha kushinda awamu moja ungehesabiwa kuwa hatarini: ukishinda hupata zawadi kubwa zaidi, na ukishindwa hutozwa faini kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba jina la hali hiyo lilipendekezwa na msichana mmoja aliyekuwa abiria mwenzao. Ifikapo tarehe 1 Novemba, mchezo mpya ulikuwa umezaliwa.

MNADA WA WATU WANNE

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akiwa na karata 13. Kabla ya kucheza, hunadi. Kila zabuni ni ahadi ya kushinda idadi fulani ya mizunguko, ikitaja pia karata zitakazokuwa turufu. Washirika hawaruhusiwi kuambiana walicho nacho. Zabuni ndiyo lugha yao pekee.

Hapa ndipo kafara huingia. Kwa hesabu itumikayo siku hizi katika mashindano, wapinzani walio hatarini wakiahidi mizunguko 10 kwa turufu ya shupaza na kuitimiza, hupata alama 620. Upande wa pili, ukijua hauwezi kuwazuia, unaweza kunadi juu yao mizunguko 11 kwa turufu ya uru, huku ukijua fika kwamba hautafikisha. Wapinzani watatangaza kuongeza adhabu. Iwapo upande huo hauko hatarini na ukapungukiwa na mizunguko mitatu, hutozwa alama 500. Umeshindwa, lakini umeokoa alama 120.

Lakini kama nao wako hatarini, upungufu uo huo hugharimu 800, na kafara hugeuka kuwa upumbavu. Na kuna kosa baya zaidi: huenda wapinzani wasingetimiza ahadi yao hata kidogo. Hapo mtu amelipa faini ya kuzima moto ambao haukuwapo.

Kwa hiyo mchezaji hana budi kujiuliza maswali matatu kwa wakati mmoja. Je, wapinzani watafaulu kweli? Mimi nitapungukiwa kwa kiasi gani? Na nani yuko hatarini? Majibu huyatafuta katika karata zake 13 na katika zabuni alizozisikia.

Vanderbilt hakuishia kwenye alama. Mwaka 1928 alianzisha mashindano ya kikombe chenye jina lake, ambayo yeye na wenzake waliyashinda mwaka 1932 na tena 1940. Mwaka 1929 alichapisha kitabu kuhusu mchezo huo. Aidha, alibuni utaratibu ambao zabuni ya pau moja humwarifu mshirika kwamba mkono una nguvu, hata kama una pau chache. Wengi hawakuufuata wakati ule, wakivutiwa zaidi na mafunzo ya Ely Culbertson. Miaka mingi baadaye, Waitaliano walitwaa ubingwa wa dunia mara kadhaa kwa mitindo yenye msingi kama huo.

USUKANI KWA MWINGINE

Baharini alitetea Kombe la Amerika mara tatu. Mwaka 1930, akiwa na mashua Enterprise, alimshinda Thomas Lipton, yule ambaye jina lake lajulikana kwa majani ya chai. Mwaka 1937 alishinda tena kwa Ranger.

Mtihani mkubwa ulikuwa mwaka 1934. Mashua yake Rainbow ilipoteza mbio mbili za kwanza mbele ya Endeavour ya Mwingereza Thomas Sopwith, na katika ya tatu ilikuwa nyuma. Vanderbilt aliuachia usukani baharia wake Sherman Hoyt. Kwa nahodha mashuhuri hiyo ilikuwa hasara ya heshima. Hoyt alimlaghai Sopwith kwa kubadili mwelekeo, Rainbow ikapita, na mwishowe ikatwaa kombe kwa mbio nne dhidi ya mbili.

Hata hivyo, si kila mnada aliushinda. Mwaka 1954 mfanyabiashara Robert Young aliwania kuitwaa New York Central kwa kukusanya kura za wenye hisa. Vanderbilt alisimama na uongozi uliokuwapo. Walishindwa, naye akapoteza kiti katika bodi ya reli iliyojengwa na ukoo wake.

Young alifariki mwaka 1958. Mwaka 1968 reli hiyo iliunganishwa na mpinzani wake wa siku nyingi, Pennsylvania, ili kuepuka madhara makubwa zaidi. Kwa lugha ya karata, muungano huo ulikuwa kafara. Lakini hasara ilikuwa imepimwa vibaya, na tarehe 21 Juni 1970 kampuni hiyo mpya iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Siku 13 baadaye, tarehe 4 Julai, Vanderbilt alifariki huko Newport, Rhode Island, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 86. Reli ya babu zake ilikuwa imeanguka. Orodha ya alama aliyoianza melini, ingawa imerekebishwa mara kadhaa, ingali ndiyo msingi wa mchezo huo duniani kote.