Veronica Tudor-Williams, mlezi wa mbwa basenji

Anayetoka Mulago, Kampala, akavuka mpaka wa Elegu, anaingia nchi iliyomvuta Mwingereza Veronica Tudor-Williams mwaka 1959, wakati huo ikiwa sehemu ya Sudan.

Alikuwa mfugaji wa basenji, mbwa mdogo wa uwindaji wa Kongo na Sudan, mwenye mkia uliojikunja. Kwa kuwa habweki, Wazande humvika kengele ya mbao shingoni ili mwindaji asimpoteze.

Basenji sita waliopelekwa London mwaka 1923 walikufa wote. Olivia Burn aliwaonyesha wengine Crufts mwaka 1937, na mwaka 1939 klabu ya basenji ikaundwa Uingereza. Tudor-Williams aliwalea wakati wote wa vita, lakini walikuwa wachache na walizaliana ndugu kwa ndugu. Alihitaji damu mpya.

Safari ya 1959 ilimpatia jike, Fula. Hakushindanishwa kamwe, ila karibu kila basenji aliyesajiliwa duniani ni mzao wake.

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua uzito wa cheti cha uasili. Vyeti vya ukoo wa basenji hutolewa ng'ambo. Fula alitoka kijijini bila karatasi yoyote.