Samuel Hildebrand na Samaki Anayekula Mbu

Kabla hatujaanza, tuulizane: ni nani kati yenu amewahi kulala ndani ya chandarua alipokwenda kumtembelea bibi? Karibu kila mkono utainuka. Basi jueni kwamba hata kule kusini mwa Marekani, miaka mia moja hivi iliyopita, watu walikuwa wakitetemeka kwa homa ya malaria, na serikali ilihangaika kutafuta namna ya kupunguza mbu. Mmoja wa watu walioitwa kusaidia hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa samaki, naye ni Samuel Frederick Hildebrand.

Alizaliwa mwaka 1883 katika kijiji cha Stendal, jimbo la Indiana, mbali kabisa na bahari. Jina la kijiji hicho limetoka Ujerumani. Hildebrand hakukulia pwani kama watoto wa wavuvi wa kwetu, lakini samaki ndio waliokuja kuwa kazi yake ya maisha, mpaka alipofariki mwaka 1949.

Kazi iliyomjulisha ilianza Panama. Ni nchi nyembamba kama kiuno, bahari upande huu na bahari upande ule. Katika miaka ya 1880 Wafaransa walijaribu kuchimba mfereji wa kupitishia meli wakashindwa, na sababu moja kubwa ni kwamba maelfu ya wafanyakazi walikufa kwa homa ya manjano na malaria. Wakati ule ilikuwa bado haijathibitishwa kwamba maradhi hayo yanabebwa na mbu. Habari ya mbu na malaria ilithibitishwa na Ronald Ross nchini India mwaka 1897. Wamarekani walipoanza kuchimba mwaka 1904 walikuwa tayari wanaijua siri hiyo, wakakausha madimbwi, wakamwaga mafuta juu ya maji na kuweka wavu madirishani.

Mwaka 1911 wachimbaji walikuwa bado kazini, na wataalamu walipata wasiwasi wa aina nyingine. Mto Chagres unateremka upande wa Bahari ya Karibi, na Rio Grande unateremka upande wa Pasifiki. Vyanzo vyake viko karibu karibu, vimetenganishwa na vilima tu. Mfereji ukifunguliwa, maji ya mito hiyo yataungana na samaki watachanganyika. Kwa hiyo ilibidi mtu awahesabu na kuwaandika mapema, ili ijulikane nani alikuwa mwenyeji wa mto upi. Taasisi ya Smithsonian iliwapeleka Seth Meek na kijana wake Hildebrand. Waliingia mitoni na nyavu, wakawatia samaki katika chupa za spiriti, wakaandika kila kitu: rangi, idadi ya magamba, mapezi, mahali, tarehe.

Meek alifariki mwaka 1914, kazi haijaisha. Kitabu chao cha samaki wa maji baridi wa Panama kilitoka mwaka 1916. Kisha Hildebrand akaendelea na samaki wa baharini, sehemu tatu, ya mwisho ikatoka mwaka 1928, yaani miaka kumi na minne baada ya mwenzake kuzikwa. Katika zote jina la Meek liko mbele. Mimi hapo ndipo nilipompenda bwana huyu.

Tumrudie mbu sasa. Hildebrand alikuwa mfanyakazi wa idara ya serikali inayoshughulikia uvuvi, na kwa miaka kadhaa aliongoza kituo chake cha utafiti huko Beaufort, North Carolina. (Huko walifuga pia kobe wa majini, kwa sababu matajiri wa siku zile walipenda supu yake. Hilo tuliache.) Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikwenda Augusta, jimbo la Georgia, akashirikiana na watu wa afya kuchunguza samaki mmoja mdogo sana aitwaye Gambusia.

Jina lenyewe lina kichekesho. Limetoka Cuba, ambako mtu akirudi kutoka kuvua mikono mitupu husemwa amekwenda kuvua gambusino, yaani amevua patupu! Na kweli, huyu si samaki wa kitoweo. Jike ana urefu wa kama sentimita sita, dume nusu yake. Mdomo wake umeelekea juu, kwa hiyo chakula chake hukidonoa kwenye uso wa maji. Na viluwiluwi wa mbu wako wapi? Huko huko juu, kwa sababu nao lazima wapande kuvuta hewa. Wale wa mbu wa malaria hulala kabisa sambamba na uso wa maji, kama mtu aliyelala mkekani.

Jambo jingine: Gambusia hatagi mayai, huzaa. Jike huangua mayai tumboni na kutoa vitoto vinavyoogelea papo hapo, makumi kwa mara moja, na huzaa zaidi ya mara moja katika msimu wa joto. Hahitaji mchanga maalumu wala majani ya kubandikia mayai. Ukiwatia wachache bwawani leo, baada ya miezi michache bwawa limejaa.

Sasa mtu mwingine angeishia hapo, akatangaza kwamba dawa ya mbu imepatikana. Hildebrand alikaa kando ya mabwawa akatazama. Akaona kwamba bwawa moja lina samaki tele na mbu hakuna, na bwawa jingine lina samaki tele na mbu wapo vilevile. Kwa nini? Majani. Pale magugu yaliposongamana ukingoni, au takataka zilipoelea, viluwiluwi walijificha katikati na samaki hakuweza kupenya. Ukisafisha ukingo, samaki anafanya kazi. Usiposafisha, unamlaumu bure. Akaona pia kwamba kukiwa na samaki wakubwa walaji, Gambusia mwenyewe hugeuka kuwa chakula, hasa pale penye maji ya wazi asipokuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo majani yakizidi ni shida, na yakikosekana kabisa ni shida. Ripoti zake za 1919, 1921 na 1925 zimejaa mambo ya namna hii, bwawa kwa bwawa.

Lakini habari njema hukimbia, na masharti yake hubaki nyuma. Gambusia alikwisha kupelekwa Hawaii mwaka 1905. Mwaka 1921 akafika Hispania, mwaka uliofuata Italia, mwaka 1925 Australia, na alipelekwa pia Asia na Afrika. Kule Augusta samaki huyu alikuwa kwao, akiishi na majirani waliomzoea na maadui wanaomla. Ugenini hakukuwa na wa kumzuia. Alikula mayai na watoto wa samaki wengine, akawauma wakubwa mapezi. Nchini Australia yuko samaki mdogo mwenye mapezi mekundu anayeishi katika chemchemi chache tu za Queensland, na Gambusia alikaribia kummaliza kabisa. Leo yumo katika orodha ya viumbe mia moja wageni wanaoharibu zaidi duniani. Mbu walipungua mahali fulani, ndiyo. Mahali pengine samaki wenyeji walikuwa wakiwala mbu vizuri tu kabla mgeni hajaletwa.

Je, Hildebrand alaumiwe? Wazazi wanaweza kulijadili hili mezani na watoto. Mimi naona yeye alijibu swali aliloulizwa, na alilijibu mahali samaki alipokuwa mwenyeji. Swali la nini kitatokea akipelekwa kwa wengine lilihitaji mtu afanye kwanza kile kile walichofanya yeye na Meek kule Panama: kuandika nani yumo mtoni kabla mlango haujafunguliwa.

Na Panama alirudi, katika miaka ya 1930, mfereji ukiwa umefanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Akalinganisha samaki aliowakuta na orodha yao ya zamani. Wa Chagres na wa Rio Grande walikuwa wamechanganyika kama walivyotarajia. Wa baharini waliovuka walikuwa wachache, kwa sababu katikati ya mfereji kuna ziwa la maji baridi, na samaki wengi wa chumvi hawaliwezi. Aliyaandika hayo mwaka 1939. Bila zile chupa za 1911 asingekuwa na cha kulinganisha.

Kwa wale wenye jamaa Unguja, nawaachia jambo la kwenda kutafuta likizo ijayo. Kule kuna samaki mdogo wa madimbwi, dume lake lina rangi za kupendeza, na wataalamu humwita Nothobranchius guentheri. Dimbwi likikauka wote hufa, lakini mayai yao hukaa ndani ya tope yakisubiri. Mvua za masika zikinyesha, mayai huanguliwa, na vitoto huanza kula vidudu vya majini, viluwiluwi wa mbu wakiwemo. Hakuna aliyewaleta kwa meli. Mwulizeni babu kama aliwaona utotoni, na kwao waliwaita nani.