Henry Watson Fowler

Henry Watson Fowler (Tonbridge, Uingereza, 10 Machi 1858 – Hinton St George, Uingereza, 26 Desemba 1933) alikuwa mwalimu, mwandishi na mtunga kamusi kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kitabu chake A Dictionary of Modern English Usage (1926), kinachofafanua maneno ya Kiingereza ambayo watu huyachanganya pamoja na mambo magumu ya sarufi ya lugha hiyo.

Maisha ya awali

Fowler alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wanane. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alifariki mwaka 1879. Henry alisoma katika shule ya Rugby, halafu Balliol College huko Oxford.

Kuanzia mwaka 1882 alifundisha Kilatini, Kigiriki na Kiingereza katika shule ya Sedbergh, kaskazini mwa Uingereza. Alipopewa nafasi ya kuwa msimamizi wa bweni aliikataa, kwa sababu msimamizi alipaswa kuwaandaa wanafunzi kwa kipaimara cha Kanisa la Anglikana, naye hakuwa muumini. Mwaka 1899, baada ya miaka 17 ya kufundisha, aliacha kazi na kuhamia London, akaishi kwa kuandika makala.

Kazi pamoja na mdogo wake

Mwaka 1903 alihamia kisiwa cha Guernsey, alikoishi mdogo wake, Francis George Fowler. Ndugu hao walitafsiri maandishi ya Lukiano, mwandishi wa Kigiriki wa kale, kisha wakatoa The King's English (1906). Humo walionyesha makosa kwa mifano halisi kutoka magazetini na hata katika vitabu vya waandishi mashuhuri. Mwaka 1911 walitoa Concise Oxford Dictionary.

Mwaka 1908, siku alipotimiza miaka 50, Henry alimwoa Jessie Wills.

Vita vikuu vya kwanza

Mwaka 1915 ndugu wote wawili walijiunga na jeshi. Henry alikuwa na miaka 57, lakini alidai ana miaka 44 ili akubaliwe. Francis alipata kifua kikuu akiwa jeshini, akafariki mwaka 1918. Kitabu kikubwa walichokuwa wamekipanga pamoja ilibidi Henry akimalize peke yake.

Modern English Usage

Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1926, naye alikitoa kwa kumbukumbu ya Francis. Maneno yamepangwa kwa alfabeti. Kwa mfano, Fowler alitaka masterly litumike kwa kazi iliyofanywa kwa ustadi, na masterful kwa mtu anayependa kutawala wengine.

Hata hivyo hakutetea kila kanuni iliyofundishwa shuleni. Katazo la kumaliza sentensi kwa kihusishi aliliona kuwa ushirikina tu. Kuhusu kuweka neno kati ya to na kitenzi, alishauri kuliepuka panapowezekana, lakini si kwa gharama ya kuandika sentensi yenye utata au isiyo ya kawaida. Alipendekeza pia kutenganisha matumizi ya that na which, huku akikiri kwamba waandishi wengi hawafuati utaratibu huo. Kipimo chake kilikuwa kama kanuni inamsaidia msomaji kuelewa.

Miaka ya mwisho na athari

Kuanzia mwaka 1925 Fowler aliishi Hinton St George, katika wilaya ya Somerset. Jessie alifariki mwaka 1930, naye mwenyewe miaka mitatu baadaye.

Mwaka 1944, wakati wa maandalizi ya kuivamia Normandy, waziri mkuu Winston Churchill alimkosoa ofisa wa jeshi aliyeandika intensive mahali pa intense, akamwelekeza asome kitabu cha Fowler.

Kitabu hicho kilirekebishwa na Ernest Gowers (1965), Robert Burchfield (1996) na Jeremy Butterfield (2015), na hadi leo kinatumiwa na waandishi, wahariri na walimu wa Kiingereza.