Manute Bol: Mrefu wa NBA aliyemaliza hela zake kwa ajili ya kwao

Katika misimu 10 ya NBA, Manute Bol alizuia mitupo 2,086 na kufunga pointi 1,599 tu. Yaani aliwanyima wenzake mara nyingi kuliko alivyofunga yeye. Hesabu hiyo iko kwenye rekodi za ligi. Hesabu ya hela alizotuma nyumbani haizungumzwi sana, na ndiyo iliyomfikisha ulingoni kupigana ngumi akiwa amestaafu na viungo vinamuuma.

Anatajwa kuzaliwa tarehe 16 Oktoba 1962 eneo la Turalei, sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini, kwa wafugaji wa Kidinka. Alikua akichunga ng'ombe. Alipenda kusimulia kwamba aliwahi kumuua simba kwa mkuki. Walioamini waliamini, waliocheka walicheka. Kisichobishaniwa ni urefu wake: mita 2.31. Hasheem Thabeet wetu, ambaye Bongo nzima ilimshangaa, ana mita 2.21.

Kikapu alikianza akiwa kijana mkubwa tayari, kwanza mji wa Wau, kisha Khartoum. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza kujaribu kudanki, meno yake yaligonga ringi. Kocha wa Kimarekani, Don Feeley, akamuona huko Sudan, na mwaka 1983 Manute akatua Marekani. Mwaka huohuo nyumbani kwao vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza upya. Vitu hivyo viwili, kikapu na vita, havikuachana tena maishani mwake.

Alicheza msimu mmoja Chuo Kikuu cha Bridgeport, halafu Washington Bullets wakamchukua mwaka 1985. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397. Hakuna mgeni wa ligi aliyewahi kuifikia namba hiyo, na katika historia yote ya NBA ni Mark Eaton peke yake aliyezuia mingi zaidi ndani ya msimu mmoja, 456.

Mwaka 1987 Bullets wakamleta Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60. Mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote, timu moja. Picha zao zilizunguka dunia nzima na watu walilipa kiingilio kuja kushangaa. Manute alijua kabisa kwamba wengine wanakuja kumcheka. Alijua pia kwamba mshahara unaingia.

Akiwa Golden State Warriors, kocha Don Nelson alimruhusu kurusha kutoka mbali, jambo ambalo watu wa urefu wake hawakuwa wakilifanya kabisa. Mingi ilikosa. Lakini Machi 1993, akiwa Philadelphia 76ers, alifunga mitupo 6 ya pointi tatu katika kipindi kimoja cha pili dhidi ya Phoenix Suns. Video ipo mtandaoni, itafuteni.

Sasa hela. Inakadiriwa alitoa dola milioni 3.5 kwa ajili ya Wasudan wenzake waliokimbia vita na kwa harakati za watu wa kusini. Alizitembelea kambi za wakimbizi mwenyewe. Ndugu walimpigia, na ndugu wa ndugu. Mpemba mwenye mtu wake Mombasa, Dar au Muscat analielewa hili bila kuelezwa: ukishafika ng'ambo, simu ya nyumbani haina saa. Tofauti ni kwamba Manute hakuweka kitu pembeni, na biashara alizojaribu hazikumsaidia.

NBA ilimalizika kwake msimu wa 1994/95. Akacheza kidogo Italia, kisha akarudi Khartoum. Huko serikali inaelezwa kumpa nafasi ya uongozi wa michezo kwa sharti la kubadili dini. Alikataa. Baadaye akashukiwa kuwaunga mkono waasi wa kusini, na kutoka nchini ikawa shida. Marafiki wa Marekani walichangishana nauli, na mwaka 2001 akaondoka na familia yake hadi Cairo, akisubiri karatasi za ukimbizi kwa miezi kadhaa. Januari ya mwaka huohuo, zaidi ya Wapemba 2,000 walikuwa wamevuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Kwa hiyo kule kusubiri bila kujua kesho si habari ya mbali kwa watu wa hapa.

Misri haikuwa ngeni kwake. Huko nyuma alikuwa amewafundisha kikapu vijana wa Kidinka waliokimbilia huko, wakiwemo kaka zake Luol Deng. Luol mwenyewe akaja kuwa nyota wa NBA, kisha kiongozi wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, timu iliyoifunga Puerto Rico kwenye Olimpiki ya Paris 2024.

Aliporejea Marekani, Mei 2002 alipanda ulingoni kwenye kipindi cha televisheni kupigana na William Perry, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani. Alishinda kwa pointi, na malipo yakaenda kwa watoto wa Sudan. Akasaini pia na timu ya magongo ya barafuni, wakati hata kuteleza kwenye barafu hajui, na akachukua leseni ya kuendesha farasi wa mashindano. Watu walicheka tena. Ni aibu yao zaidi kuliko yake, maana kila kichekesho kilikuwa na bahasha ya mchango nyuma yake.

Mwaka 2004 teksi aliyopanda ilipata ajali Connecticut, akavunjika shingo. Alipona akarudi kwenye kazi ileile, safari hii akitafuta fedha za kujenga shule Turalei kupitia taasisi ya Sudan Sunrise.

Alikuwa kwao wakati wa uchaguzi wa Aprili 2010, na akaongeza siku za kukaa ili kusaidia, ingawa afya ilikuwa mbaya. Figo zilishindwa, na ugonjwa mkali wa ngozi ukamuongezea mateso. Alifariki Charlottesville, Virginia, tarehe 19 Juni 2010, akiwa na miaka 47. Mwili ulisafirishwa na kuzikwa Turalei. Sudan Kusini ikawa nchi huru tarehe 9 Julai 2011.