EDWARD JENNER NA NDUI YA NG'OMBE

Hebu kunja shati uutazame mkono wako wa kushoto. Unakiona hicho kikovu? Ni cha chanjo ya kifua kikuu tuliyopewa tukiwa watoto wachanga. Nyanya yangu naye ana kovu karibu na bega, kubwa kushinda langu, na hilo ni la ndui. Mimi sina la ndui, wala wewe huna. Sababu ya sisi kutokuwa nalo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Edward Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, Uingereza. Babake alikuwa kasisi. Mwaka wa 1754 baba na mama waliaga dunia wote wawili, mtoto akiwa na miaka mitano tu, ikabidi ndugu zake wakubwa wamlee.

Siku hizo ndui haikuwa mchezo. Ilianza kwa homa kali, kisha vipele vyenye usaha vikajaa mwili mzima. Katika kila wagonjwa kumi, watatu hivi walikufa. Waliopona walibaki na nyuso za mashimo-mashimo, na wengine vipofu. Lakini watu walikuwa wametambua jambo moja, kwamba aliyeugua akapona haugui tena. Basi walichukua usaha wa mgonjwa wakamchanja nao mtu mwenye afya ili augue kidogo tu. Njia hii ilijulikana zamani China, India, Uturuki na hata sehemu za Afrika. Ilikuwa kama kamari, maana wengine walikufa, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza majirani.

Jenner mwenyewe alichanjwa hivyo akiwa na miaka minane. Kwanza alinyimwa chakula na kutolewa damu, ati kumtayarisha, halafu akafungiwa zizini pamoja na wagonjwa wengine mpaka apone. Yatima wa miaka minane, jamani! Alipona, lakini nadhani hakusahau.

Alipokua alijifunza kazi kwa daktari wa kijijini, kisha mwaka wa 1770 akaenda London kufundishwa na John Hunter, mpasuaji mashuhuri. Baadaye alirudi kwao kutibu watu. Huko mashambani wasichana waliokama ng'ombe walishika ugonjwa hafifu wa vipele vya mikononi, ndui ya ng'ombe, na ilisemekana kuwa hao hawapati ndui ya watu. Madaktari wengi waliona ni porojo za wanakijiji. Jenner hakuzidharau.

Tarehe 14 Mei 1796 alichukua majimaji ya kipele mkononi mwa msichana aliyeitwa Sarah Nelmes, akamchanja nayo James Phipps, mwana wa mtunza bustani wake. Mtoto alipata homa kidogo akapona. Mwezi wa Julai Jenner akamchanja tena, safari hii kwa usaha wa ndui yenyewe. Hapo ndipo roho yangu husimama. Kama angekosea, je? Huyo mtoto naye alikuwa na miaka minane! Leo hakuna daktari ambaye angeruhusiwa kufanya hivyo. Lakini siku zikapita, na Phipps hakuugua.

Haki yake nimpe pia mkulima Benjamin Jesty, ambaye mwaka wa 1774 alimchanja mkewe na wanawe wawili kwa ndui ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba Jenner alijaribu, akaandika, akajaribu tena. Wakuu wa sayansi wa London walipoikataa makala yake, alichapisha kitabu mwenyewe mwaka wa 1798.

Kumbe hata yeye hakujua ni kwa nini inafanya kazi! Virusi havikuwa vimegunduliwa. Sisi tunajua kwamba katika damu mna chembe nyeupe, askari wa mwili. Adui akiingia humchunguza, hutengeneza silaha za kumkabili yeye hasa, na baadhi yao hubaki wakimkumbuka kwa miaka mingi. Virusi vya ng'ombe na vya ndui ni ndugu wanaofanana, kwa hiyo askari waliofunzwa na mmoja humtambua mwenzake mara moja.

Watu walimcheka. Mwaka wa 1802 ilichorwa katuni ya waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini! Hata hivyo Bunge lilimpa pauni 10,000 mwaka huo na 20,000 mwaka wa 1807. Katika kibanda bustanini mwake aliwachanja maskini bure. Mwanawe mkubwa alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1810, na mkewe vivyo hivyo mwaka wa 1815. Ugonjwa huo hakuwa na dawa yake.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, mwaka wa 1977. Alipona. Mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imekwisha.

Jenner alifariki tarehe 26 Januari 1823. Phipps, aliyekuwa amepewa naye nyumba ya kuishi bila kodi, alikuwa mmoja wa waliokwenda kumzika.